Panya Mgonjwa na Deni la Aliyemfungia

Suali lililoletwa mbele ya darsa yetu safari hii latoka mbali na bahari. Limetoka Siakago, mji wa Wambeere katika kaunti ya Embu, ambao wengi wetu hapa Pwani twaujua kwa muguka tu, ule unaochumwa huko na kuletwa kwa magari mpaka mitaani mwetu. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, afanya biashara huko na amehamia pamoja na watu wa nyumba yake. Atwambia kwamba binti yake mdogo alikuwa na panya mweupe aliyefugwa katika tundu. Panya huyo, ambaye ni jike, alitokwa na uvimbe karibu na kwapa, na uvimbe ukakua hata ukamzuia kwenda. Baba akampeleka kwa daktari wa wanyama, yule yule anayetibu mbuzi na punda wa wakulima, na daktari akampasua na kuutoa uvimbe. Kisha mtoto na mamake wakamwuguza nyumbani hata kidonda kikafunga.

Habari ilipoenea, baadhi ya Waislamu wenziwe walimcheka, na wengine walimkemea. Maneno yao yalikuwa matatu. La kwanza, kwamba panya ni katika wanyama ambao sharia imeruhusu kuuawa, basi vipi Muislamu amtibu? La pili, kwamba pesa alizozitoa ni israfu. La tatu, kwamba kuwahurumia viumbe kama hawa ni kuiga Wazungu, na hali kuna watu wenye njaa. Ndugu yetu auliza: je, amekosa?

Wako watakaolidharau suali hili. Sisi hatukulidharau, kwa sababu ndani yake mna suali lililo kubwa kuliko panya. Kiumbe ambaye hatuna haja naye, wala hatumpendi, akiwa yu mikononi mwetu naye anaumwa, tuna deni gani kwake? Mtu akimtendea wema ampendaye au amfaaye, wema huo haujampima. Kipimo cha rehema ni pale pasipokuwa na faida wala mapenzi. Basi na tuyatazame maneno yale matatu moja moja, kwa uadilifu, bila ya kumcheka aliyeuliza wala kuwacheka waliomlaumu.

Tuanze na hukumu ya kuua. Ni kweli, wala haifai kuficha, kwamba imepokewa katika hadithi sahihi kuwa panya ni mmoja wa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika ardhi ya Haram, pamoja na nge, kunguru, mwewe na mbwa mkali. Sababu yake yafahamika, nayo ni madhara. Panya hula nafaka, hutafuna nguo na vitabu, na huchukua viroboto wenye kuleta tauni. Mji wa Nairobi ulipopatwa na tauni mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa amri ya serikali ili kuyakata maradhi. Na mkulima wa Mbeere, katika nchi ile ya ukame, anayetegemea mtama, wimbi, kunde na pojo alizoziweka ghalani, hahitaji kufundishwa uadui wa panya. Anayemuua panya aliyeingia ghalani mwake hana dhambi.

Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Haya ni mambo mawili, na kosa la wengi wetu ni kuyafanya kuwa moja. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba uzuri wa kutenda umewajibishwa katika kila jambo, hata katika kuua, ndipo akaamrisha kisu kinolewe na mnyama anayechinjwa apumzishwe. Akakataza pia kiumbe chenye roho kuwekwa kuwa shabaha ya mchezo. Hakuvua katika mafundisho hayo mnyama fulani akasema huyu msimwekee mpaka. Basi panya naye, siku tunapomuua, yumo ndani ya amri ile.

Na hapa twaomba ruhusa ya kuingia majumbani mwetu. Siku hizi katika maduka yetu huuzwa mbao zilizopakwa gundi kwa ajili ya kunasia panya. Ubao huwekwa usiku nyuma ya kabati, na panya akikanyaga hunasa kwa miguu, kwa tumbo na kwa masharubu. Hafi. Hulia usiku kucha, hujichuna ngozi, na pengine huitafuna miguu yake apate kujinasua. Asubuhi ubao huchukuliwa naye yu hai bado, ukatupwa jaani, akafa kwa kiu na jua. Hivi ndivyo sharia ilivyoruhusu? Mtego wa chuma unaomvunja shingo mara moja wamtosha mwenye haja ya kuua. Mwenye kuutumia ubao wa gundi, kisha akamcheka baba wa Siakago kwa kumtibu panya, ajiulize ni nani katika wawili hao aliye karibu zaidi na mafundisho ya Mtume wake.

Atasema msomaji: haya yote ni juu ya panya wa ghalani, lakini yule wa tunduni, kwani ilifaa kumfuga? Twajibu kwamba wako wanavyuoni wa madhhab yetu ya Imamu Shafi walioona kuwa wale watano waliotajwa haifai kuwafuga. Kauli hiyo twaiheshimu, na kwa anayetuuliza kabla hajanunua, shauri letu ni moja: usinunue, na mtoto akitaka mnyama mtafutie njiwa, kuku au paka. Lakini ndugu yetu hakuuliza kabla ya kununua. Ameuliza baadaye, na panya yumo ndani, na uvimbe umekwisha kutoka. Suali la "ilifaa kumfuga?" na suali la "sasa nifanye nini?" hayafanani. Mtu akiingia katika jambo lisilompendeza mwanachuoni, hatoki humo kwa kumwachia kiumbe aoze mbele ya macho yake. Hutoka kwa njia njema.

Tena isidhaniwe kuwa angeweza kumfungulia mlango tu, akamaliza kazi. Panya mweupe wa tunduni ni wa ukoo wa panya wa kahawia wa mijini, lakini ukoo wake umelelewa na binadamu tangu karne ya 19, vizazi juu ya vizazi. Weupe wake hauwezi kujificha katika majani, wala hajui kutafuta chakula wala kumkimbia paka. Kumwachia nje na uvimbe wake kwapani ni kumkabidhi kwa kunguru, na aliyefanya hivyo akaita uhuru ameicheza lugha.

Sasa twafika kwenye shina la jambo lenyewe. Sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi wetu huisoma habari hiyo na kufahamu kwamba alikuwa mkatili, basi. Lakini tukiizingatia, twaona kwamba haikutajwa kuwa alimpiga paka yule, wala kuwa alimtupia mawe. Alichokifanya ni kumfungia. Hakumpa chakula, wala hakumwacha akatafuta vijidudu vya ardhini mwenyewe. Njia zilikuwa mbili, kumlisha au kumwachia, naye akaziziba zote mbili. Paka aliye nje akifa kwa njaa, mwenye nyumba hana suali la kujibu. Paka aliye ndani ya mlango uliofungwa akifa kwa njaa, aliyeufunga ndiye mwenye kuulizwa. Wajibu, basi, haukuzaliwa na mapenzi ya mtu kwa paka, wala na thamani ya paka sokoni. Umezaliwa na kufuli.

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike, hata akisahau mengine yote. Anayemfungia kiumbe amekinyang'anya kiumbe hicho njia zake zote za kujitafutia. Kwa hiyo amejitwika yeye mwenyewe haja zake zote. Mnyama wa porini akiugua hujificha penye kivuli, hutafuta majani ayajuayo, na akishindwa hufa kwa ajali yake. Aliye tunduni hana kivuli ila alichowekewa, hana maji ila aliyomiminiwa, na hana daktari ila atakayeitiwa.

Wala hii si fikira yetu sisi tulioizua. Waliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi, na kitabu hicho chasomeshwa Pwani yetu toka zamani, wajua kwamba katika mlango wa nafaka, baada ya haki za mke na za jamaa, imetajwa haki ya mnyama: mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, alitaja kwamba mwenye mnyama amgharimie hata akiwa amezeeka au amepatwa na maradhi yasiyomwacha na faida yoyote. Tazama, ewe msomaji, jinsi alivyoliziba tundu la udhuru. Alijua kwamba siku atakapougua mnyama, ndiyo siku mwenyewe atakaposema: huyu hana faida tena.

Je, yatoka humo kwamba kumpasua panya ni wajibu? Hatusemi hivyo. Chakula na maji ni jambo moja, na dawa ni jambo jingine. Hata katika matibabu ya binadamu wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuwa ni wajibu au si wajibu. Asiyekuwa na pesa, au aliye mahali pasipokuwa na daktari, hatumtii katika dhambi. Tunachokisema ni kwamba haifai kumwacha kiumbe katika maumivu na hali wawezekana kuyaondoa, kwa dawa au kwa mauti mepesi. Na hapa pana jambo la ajabu. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wametia ugumu katika kumuua mnyama asiyeliwa, kama punda, hata kwa nia ya kumpumzisha. Lakini kwa panya ugumu huo haupo, kwa kuwa kuuawa kwake kumeruhusiwa tangu asili. Kwa hiyo hukumu ile ile waliyoitaja waliomlaumu ndugu yetu, wakidhani inamzuia kumtibu, kwa hakika inamwongezea mlango mmoja wa rehema: akishindwa kumtibu, daktari amdunge sindano ya kumlaza asiamke. Milango iliyo wazi ni hiyo miwili. Wa tatu, wa kumwacha akijiburura na uvimbe mpaka afe, haupo.

Na rehema isiyo na ilimu huweza kudhuru, kwa hivyo yafaa tueleze matibabu yenyewe yalivyo, ili mtu asije akatenda kwa kubahatisha. Uvimbe wa namna hii ni jambo la kawaida kwa panya jike wa kufugwa. Matezi yake ya maziwa yameenea kutoka shingoni mpaka mapajani, ndiyo maana uvimbe huweza kutokea kwapani pasipotazamiwa. Mara nyingi si saratani, lakini hukua upesi, ukawa mzigo, ukachubuka na kuoza. Tena hata ukitolewa, mwingine huweza kutoka pengine. Panya hawezi kutapika. Kwa hiyo hafungishwi kula kwa muda mrefu kabla ya kupasuliwa kama afungavyo binadamu, na mwili wake mdogo haustahimili njaa. Mwili huo huo hupoteza joto upesi mno akiwa katika usingizi wa dawa, na wengi hufa kwa baridi, si kwa kisu. Kwa hiyo huwekewa chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo. Nyuzi za kushonea hufichwa chini ya ngozi, kwani meno yake hayaachi kitu.

Baada ya hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoanza. Mgonjwa huwekwa peke yake katika tundu dogo, lisilo na ngazi za kupanda, mahali penye joto na utulivu. Hutandikiwa nguo safi au karatasi, si vumbi la mbao linaloingia kidondani. Hupewa chakula laini, na dawa ya kutuliza maumivu kwa kipimo cha daktari, maana kipimo cha binadamu chaweza kumuua. Kidonda hutazamwa asubuhi na jioni. Akikunja mgongo, manyoya yakasimama, akaacha kula, na machoni au puani pakatoka maji mekundu kama damu, hayo si damu. Ni majimaji ya tezi za machoni, nayo ni dalili kwamba ana maumivu au dhiki. Hana ulimi wa kusema, lakini amesema. Wala tusisahau usafi wetu wenyewe. Katika madhhab yetu mwili wa panya aliye hai si najisi, kwani wanyama wote walio hai ni tahara ila mbwa na nguruwe. Lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi, na nguo iliyopatwa na hayo haisaliwi mpaka ioshwe. Anayemwuguza na aoshe mikono yake kwa sabuni, na tundu liwe mbali na jiko na ghala.

Pana jambo moja zaidi linalohitaji kusemwa kwa upole. Panya mweupe huishi miaka 2 au 3 tu. Akiwa amekwisha zeeka na pumzi zake ni chache, kumpasua huenda kukawa ni kwa ajili yetu sisi, tusioweza kuvumilia kuondokewa, wala si kwa ajili yake. Huko ni kumtumia mgonjwa apoze moyo wa mzima. Mwenye kumpeleka kwa daktari amwulize kwanza: je, atakayoyapata baada ya kisu ni maisha, au ni maumivu mengine? Akijibiwa kuwa ni maumivu, basi rehema ni kumpumzisha, hata mtoto akilia.

Na mtoto akilia asichekwe. Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume, alikuwa na ndugu yake mdogo aitwaye Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege chake alichokuwa akicheza nacho. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa na mambo ya umma wote juu ya mabega yake, alimwendea mtoto yule na kumwuliza khabari ya kindege chake, kwa maneno ya upole yenye vina, apate kumliwaza. Hakusema kwamba ni ndege tu. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 4 ya Hijra, aliichambua habari hiyo fupi akatoa ndani yake faida 60. Sisi hapa yatutosha moja: huzuni ya mtoto juu ya kiumbe kidogo haikuwa jambo dogo mbele ya mbora wa viumbe. Baba anayemwambia bintiye "ni panya tu" asidhani kuwa amemfundisha ushujaa. Amemfundisha kwamba kuna viumbe ambao maumivu yao hayahesabiwi. Na akisha kulijua somo hilo, hatujui orodha yake itaishia wapi.

Tuje kwenye israfu. Sharia imeweka utaratibu wa kutoa: nafsi ya mtu, mkewe, watoto wake, wazazi wake walio na haja, madeni ya watu, zaka. Aliyemnyima mmoja katika hao haki yake ili amtibu panya, amekosa, wala hatumtetei. Lakini ndugu yetu atueleza kwamba hakumnyima mtu, na kwamba gharama yote haikufikia bei ya mbuzi mmoja. Basi israfu iko wapi? Israfu ni kupita mpaka katika kisichokuwa na manufaa, na kuondoa maumivu ni manufaa yanayotakiwa na sharia. Ajabu ni kwamba maneno haya husemwa na mtu ambaye shavu lake limejaa muguka tangu alasiri mpaka usiku, kila siku ya Mungu. Serikali ya kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku biashara ya muguka mwezi wa Mei 2024, zilisikika kelele nyingi za kuitetea riziki ya wauzaji na raha ya watafunaji. Hatukusikia wengi walioihesabu gharama ya kutafuna kwa mwaka. Vivyo hivyo karamu zetu za arusi, ambapo pilau hutupwa jaani kwa masufuria, na mwenye arusi hubaki na deni la miezi. Mizani ikiwekwa, na iwekwe kwa wote.

Ama kuhusu kuiga Wazungu, neno hili latusikitisha kuliko mengine, kwa kuwa laonyesha jinsi tulivyousahau urithi wetu. Sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza ya kuzuia ukatili kwa mifugo ilipitishwa mwaka 1822. Sheikh Izzuddin alikuwa amekwisha andika haki za wanyama na kufariki zaidi ya miaka 500 kabla ya hapo. Wao wamelichukua jambo wakalifanyia kazi, sisi tumeliacha kitabuni. Watu wa Lamu wajua kwamba hospitali ya punda ya kisiwa chao ilifunguliwa mwaka 1987 na shirika lililotoka Uingereza. Punda walikuwa wetu, migongo yenye vidonda ilikuwa ya punda wetu, na vitabu vinavyokataza kumtwisha mnyama kupita uwezo wake vilikuwa katika misikiti yetu. Mgeni akija kututendea yaliyotupasa sisi, si haki kumwita mtenda wema huo mwigaji wa mgeni. Haki ni kuona haya.

Wako pia watakaotaka kumtetea ndugu yetu kwa hoja ambayo sisi hatuikubali, ingawa ni nzuri kuisikia. Watasema kwamba panya ana manufaa, na watataja panya buku wa Morogoro. Habari yao ni ya kweli. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limeweka makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na huwafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wao ni wepesi mno hata bomu halilipuki wakilikanyaga. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa na kugundua kifua kikuu, makohozi ya watu 100 kwa muda wa dakika 20 hivi. Nao hutunzwa vyema: masikio na mikia yao hupakwa dawa ya kuzuia jua wanapofanya kazi, na Magawa alipozeeka alistaafishwa mwaka 2021, akaachwa apumzike mpaka alipokufa Januari 2022.

Twafurahi kwa haya, na twamtukuza Mwenyezi Mungu aliyeweka katika pua ya kiumbe anayedharauliwa ilimu iliyowashinda wenye vyombo. Lakini rehema isijengwe juu ya msingi huo. Tukisema panya atibiwe kwa kuwa ana manufaa, tumewahukumu wote wasio na manufaa. Panya wa Siakago hakugundua bomu lolote. Hakufanya kazi ila kula na kulala. Na tukizoea kupima haki ya kiumbe kwa faida yake, kesho tutampima hivyo mzee aliyelala kitandani miaka, na mtoto aliyezaliwa na kilema. Kilicho bora katika kisa cha Magawa ni ile miezi ya mwisho, alipokuwa hafanyi kazi tena na bado akalishwa. Humo ndimo ilimotimia haki aliyoieleza Sheikh Izzuddin.

Limebaki neno la wenye njaa. Hili ni neno zito, na jibu lake ni kwamba binadamu ametangulia. Ikiwa mbele yako kuna mtu mwenye njaa na panya mgonjwa, na huna ila kitu kimoja, mpe mtu, wala usiulize. Lakini mara nyingi kuchagua huko hakupo. Hutajwa tu ili pasifanyike lolote. Anayesema "na wenye njaa je?" atuonyeshe sahani aliyoipeleka kwa mwenye njaa. Mwenyewe akiwa ameipeleka, twalipokea shauri lake kwa heshima. Akiwa hakuipeleka, basi amemnyima mtu na amemkataza mwenziwe asimpe mnyama. Kadhalika hatumsifu anayewabusu wanyama na kuwafokea watumishi wake. Huyo naye moyo wake u mgonjwa. Tunachotaraji ni kwamba mikono midogo iliyojifunza kuosha kidonda cha panya, asubuhi na jioni, bila ya kuona kinyaa, haitaona kinyaa siku itakapoitwa kuosha kidonda cha nyanya yake.

Kwa hiyo, kwa ndugu yetu wa Siakago twasema: hukukosa kumtibu. Umelipa deni uliloliingia siku ulipolifunga tundu. Mlishe panya huyo mpaka ajali yake, na uvimbe ukirudi, mwulize daktari kwa uaminifu kama kumpasua tena ni kwa ajili yake au ni kwa ajili yenu. Akifa, usinunue mwingine, na umweleze bintiyo sababu. Na usiwakasirikie waliokucheka, kwani wengi wao hawajafundishwa.

Na kwetu sisi tuliobaki, twasema: tusingoje panya. Hapa mjini petu kuna kuku wanaoning'inizwa kwa miguu kichwa chini kutwa nzima sokoni, na punda wanaovuta mikokoteni na madonda yaliyo wazi chini ya hatamu, na mbao za gundi nyuma ya makabati. Wote hao wamefungwa, na aliyewafunga ni sisi. Kila mmoja wetu atazame usiku huu ni kiumbe gani aliye chini ya kufuli yake, ampe haki yake kabla hajaulizwa juu yake siku ambayo hakutakuwa na udhuru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaorehemu wakarehemiwa, na atuoneshe haki kuwa ni haki, tuifuate. Amin.